Buti Kwanza, Skii Baadaye

Februari 1998, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japani, yalitokea mambo mawili ya skii, na Afrika Mashariki ikasikia moja tu. Tulilosikia ni la Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, ambaye miaka miwili kabla alipelekwa Finland kwa fedha za kampuni ya Nike akajifunze kuteleza juu ya theluji. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie akagoma kwenda kuvishwa medali mpaka Mkenya huyo afike amkumbatie. Ambalo halikutufikia ni kwamba wiki hiyohiyo Mmarekani Jonny Moseley alipata dhahabu ya mchezo wa kuteleza kwenye matuta ya theluji baada ya kuruka juu, kuzunguka duara zima hewani na kuishika skii yake kwa mkono kabla ya kutua. Wote wawili waliandikwa kuwa wachezaji wa skii, lakini ukiangalia miguuni mwao utadhani ni michezo isiyojuana. Boit alifungwa kwenye skii kwa ncha ya kiatu peke yake, kisigino kikawa huru kuinuka na kushuka. Moseley alifungwa mbele na nyuma, ndani ya buti gumu la plastiki lililompanda mpaka kwenye muundi.

Mchezo wa Moseley ndio unaoitwa fristaili, na ni mkusanyiko wa michezo kadhaa. Matuta yaliingia Olimpiki mwaka 1992 kule Albertville, Ufaransa. Kuruka na kupinduka kukafuata Lillehammer mwaka 1994. Mwaka 2014 kule Sochi ukaongezwa mchezo wa mfereji, ambao kuta zake za theluji hufika mita 6.7 kwenda juu, pamoja na ule wa mteremko uliotegwa reli za chuma na vilima vya kurukia; na Beijing mwaka 2022 ukaja mruko mkubwa mmoja, ambao Eileen Gu wa China aliushinda kwa kuzunguka mara nne na nusu hewani. Mtazamaji wa kawaida akiona maajabu hayo husifu ujasiri wa mtu, na akiwa mdadisi kidogo ataitupia jicho skii yenye michoro ya rangi. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba jicho hilo limetua mahali pasipo penyewe. Skii imeufanya mchezo huu uwezekane, hilo sibishi, na nitalieleza kwa kirefu. Lakini mchezaji fulani, mwenye mguu fulani, atafika wapi na atabaki na magoti yake kwa miaka mingapi, hilo huamuliwa zaidi na buti.

Tuanze na skii. Hapa msomaji wa wilaya ya Chemba ana faida kuliko wa Dar es Salaam, kwa sababu ukienda Kwa Mtoro au Farkwa, kwa Wasandawe ambao uwindaji wa upinde ni jadi yao, huna haja ya kumweleza mtu kwamba mti ukipindwa kwa kiasi huhifadhi nguvu na ukiachiwa huirudisha. Skii ni upinde uliolazwa chini. Ukiiweka mezani, sehemu ya katikati huinuka kidogo na miisho miwili ndiyo hugusa. Mchezaji akiikanyaga, uzito wake huinyoosha na miisho ikaukandamiza mteremko. Akitaka kuruka huegemea mkia, skii ikapinda, kisha huiachia imrushe. Na kama ilivyo kwa upinde, unene hutofautiana: kiini cha skii huwa na sentimita moja na ushee chini ya buti, kisha hupungua taratibu mpaka kwenye miisho hubaki milimita mbili hivi. Fundi akikosea mteremko huo wa unene, akaacha miisho minene, skii haitapinda kwa uzito wa mtu mwepesi. Akipunguza mno, itapinda vizuri dukani na kumtupa mtu chali siku ya kutua.

Ukiikata skii kwa msumeno utaona matabaka. Chini kabisa pana ukanda wa plastiki ya ukoo wa polithini, wa daraja la juu sana, unaopakwa nta ili uteleze. Kandokando yake zimepita kingo za chuma. Juu ya kingo, kwenye skii nyingi za fristaili, hulazwa utepe mwembamba wa mpira wa kumeza mtetemo. Linafuata tabaka la nyuzi za kioo, yaani faibaglasi, lililoloweshwa gundi ya epoksi. Kisha kiini chenyewe cha mbao, mara nyingi popla au aspeni, vipande vyembamba vilivyogandishwa ubavu kwa ubavu. Kisha faibaglasi tena, na juu plastiki yenye ile michoro inayouza. Vyote hubanwa pamoja kwenye mashine yenye joto mpaka viwe kitu kimoja. Mwelekeo wa nyuzi una maana yake: zilizolala kwa urefu huizuia skii isipinde ovyo, zilizokatiza mshazari huizuia isijinyonge. Skii za mbio huongezewa bati la aloi ya alumini ili zitulie kwenye mwendo mkali. Za fristaili kwa kawaida hunyimwa bati hilo, kwa sababu ni zito, na likikunjika kwenye reli hubaki limekunjika, wakati mbao na faibaglasi hurudi.

Haya yote ni mapya kiasi. Skii zilishafika ardhi inayoitwa leo Tanzania mwaka 1912, pale Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipozibeba mpaka Kibo na kuzitumia kwenye barafu. Barafu mojawapo ya kilele hicho hadi leo inaitwa Furtwängler. Skii za wakati huo zilikuwa mbao tupu, hazina kingo za chuma, na viatu vilikuwa vya ngozi. Kingo za chuma alizibuni Rudolf Lettner wa Salzburg, Austria, katika miaka ya 1920. Karibu mwaka 1950 Howard Head, mhandisi wa ndege wa Marekani, akaleta skii za matabaka zenye alumini. Mwaka 1993 kiwanda cha Elan cha Slovenia kikatoa skii zenye kiuno chembamba na miisho mipana, zinazokata kona zenyewe mara tu zinapolazwa ubavuni. Kwa mcheza fristaili, mwaka mkubwa kuliko yote hiyo ni 1998. Kabla ya hapo skii ilikuwa na kichwa kilichoinuka na mkia ulionyooka, kwa hiyo ukitua kinyumenyume mkia ulichimba theluji na kukuangusha. Mike Douglas na wenzake kutoka Kanada, waliopachikwa jina la utani la Jeshi Jipya la Anga la Kanada, walipeleka wazo la skii iliyopinda juu kotekote, na kampuni ya Ufaransa ya Salomon ikalikubali ikatoa skii iliyoitwa Teneighty, yaani elfu moja na themanini, ambazo ni nyuzi za mizunguko mitatu. Ndani ya miaka michache kuruka na kutua kinyumenyume, jambo lililokuwa la watu wachache na la bahati, likawa zoezi la watoto.

Mizunguko yenyewe ni suala la uzito umekaa wapi. Kila kitu kina ukaidi wake wa kuzungushwa, na ukaidi huo huongezeka kwa mraba wa umbali ulioko kati ya uzito na kitovu cha mzunguko. Gramu 50 zilizo kwenye ncha ya skii hukaidi kuliko gramu 50 zilizo chini ya buti, kwa mbali sana. Chukua skii mbili zilizotengenezwa kwa namna moja, ya sentimita 190 na ya sentimita 170. Ya pili ni fupi kwa asilimia 10 na kidogo, lakini ukaidi wake wa kuzungushwa umeshuka kwa asilimia 28 hivi. Ndiyo maana wanaopinduka hewani hupenda skii fupi za karibu sentimita 160, viwanda huhangaika kuondoa hata gramu chache kwenye miisho, na vifungio vya buti kwenye skii za reli na vilima huwekwa katikati kabisa au karibu nayo, badala ya kurudishwa nyuma kama kwenye skii za kawaida. Kila faida kati ya hizo ina malipo. Skii fupi hutikisika kwenye mwendo. Ncha iliyokondeshwa huvunjika. Kifungio cha katikati hufanya kichwa cha skii kizame kwenye theluji laini. Mcheza matuta huchagua nyembamba, kiuno cha milimita 65 hivi, apite upesi kati ya tuta na tuta. Wa reli na vilima huchagua kati ya milimita 85 na 95, apate pa kutulia akitua. Kingo nazo hutendewa kinyume. Mtu wa mbio hunoa zake ziwe kali kama inavyowezekana, ila mtu wa reli huchukua tupa na kuzibutua kwa makusudi sehemu ya chini ya buti, kwa sababu ukali ukinasa kwenye chuma cha reli, atakayeumia ni yeye.

Sasa tuje kwenye buti. Lina ganda la nje la plastiki ngumu, bitana nene ya ndani, bizimu za kubania, na soli iliyonyooka kama ubao ili ikae kwenye kifungio. Mpaka miaka ya 1960 buti lilikuwa la ngozi, likilowa na kulegea, hadi Mmarekani Bob Lange alipoanza kuuza ya plastiki. Mguu ukashikwa sawasawa kwa mara ya kwanza. Msogeo mdogo wa goti ukawa unafika kwenye ukingo wa skii papo hapo, bila kupotelea kwenye ngozi iliyolegea. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama: skii haina namna ya kumsikia mchezaji isipokuwa kupitia buti. Ile skii ya mbao na nyuzi iliyochongwa kwa ustadi wote niliousema, ukiifunga chini ya buti ambalo kisigino kinapwaya sentimita moja, inapokea amri iliyochelewa na iliyopungua. Hewani, mchezaji akianza kuzungusha kiwiliwili, mguu huzunguka kwanza ndani ya ganda kabla ganda halijafuata, na skii, buti na kifungio pamoja huwa na kilo nne hadi tano kwa kila mguu. Uzito huo haungoji mtu.

Ugumu wa buti hupimwa kwa namba inayoandikwa ubavuni, kutoka 60 hivi kwa wanaojifunza hadi 130 na zaidi kwa mabingwa wa mbio. Namba hizo hazina kipimo kimoja cha dunia. 110 ya kiwanda hiki inaweza kuwa 100 ya kile, na hapo ndipo muuzaji anapompatia mteja. Tena plastiki hukaza baridi ikizidi, kwa hiyo buti ulilolijaribu dukani penye joto silo utakalolikuta mlimani. Kwa fristaili, swali kubwa kuliko namba ni buti linapinda vipi. Buti la kawaida lina mbawa mbili za plastiki zinazopishana juu ya mguu. Ukiliegemea mbele, plastiki hubenuka pembeni, halafu ghafla hukataa. Karibu mwaka 1980 kampuni ya Raichle ya Uswisi ilitoa buti lililoitwa Flexon, lenye vipande vitatu, ambamo mbele ya muundi hukaa ulimi wa plastiki wenye mifinyo. Ulimi huo hupinda kwa ulaini uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na ukitaka laini au gumu zaidi unabadilisha ulimi, buti linabaki. Wacheza matuta walilipenda mno kiasi kwamba kiwanda kilipoacha kulitengeneza walihangaika kutafuta yaliyotumika, na mwaka 2006 likafufuliwa kwa jina la Full Tilt. Mtindo huo unaendelea kutengenezwa leo. Ni nadra kifaa cha michezo chenye umri wa miaka zaidi ya 40 kushindana na vipya bila aibu, na sababu yake ni kwamba hakikujaribu kuwa chepesi wala kizuri cha sura. Kilijaribu kupinda sawasawa.

Kwa nini kupinda sawasawa kuwe na uzito wote huo? Fuata hesabu ya kutua. Mtu akianguka kutoka mita tatu, hufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Tuseme ni pahala tambarare, na anaimeza kasi hiyo kwa kukunja kifundo, goti na nyonga mpaka mwili ushuke nusu mita. Nguvu ya wastani inayomrudi ni mara saba ya uzito wake. Mwenye kilo 60 hubeba kwa muda huo mfupi kilo 420. Mpe buti linalokataa kupinda. Kifundo hakikunjiki, na goti bila kifundo haliwezi kukunjika sana kabla mtu hajakaa kwa makalio, kwa hiyo mwili unashuka sentimita 30 tu. Nguvu imepanda hadi mara 11, kilo 660. Skii ni ileile, mruko ni uleule, mtu ni yuleyule. Wajenzi wa vilima hupunguza balaa hilo kwa kutega mteremko mahali pa kutua, lakini mchezaji akipitiliza mteremko, kama inavyotokea, hesabu ya tambarare inamngoja. Buti lililolegea mno nalo lina lake: muundi hupitiliza mbele, kifua hukutana na magoti, na ukiona mchezaji anafuta damu mdomoni baada ya kutua vizuri, pengine alijipiga kwa goti lake mwenyewe.

Mbaya kuliko hayo ni kutua ukiwa umeegemea nyuma. Mkia wa skii ukigusa kwanza, skii hupigwa chini kwa nguvu, na ukuta wa nyuma wa buti husukuma muundi mbele wakati paja limebaki nyuma. Kano ya mbele ya goti, inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele, hukatika. Vifungio vilivyopo havikubuniwa kuikinga kano hiyo. Vilibuniwa kuachia buti lisivunje mfupa. Watafiti waliokuwa wakihesabu majeruhi katika kituo kimoja cha skii jimboni Vermont, Marekani, tangu mwaka 1972, waliona mivunjiko ya miundi na vifundo ikipungua sana kadiri mabuti na vifungio vilivyoboreshwa, na majeraha ya kano ya goti yakipanda. Buti lililookoa kifundo lilipeleka deni kwenye goti. Angalia pia jamaa za wacheza skii, wale wanaoteleza kwa ubao mmoja, kama Brolin Mawejje, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Marekani akatafuta nafasi ya kuiwakilisha Uganda. Wao huvaa mabuti laini, na majeraha yao ni ya vifundo vya mikono na miguu zaidi kuliko ya magoti. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na miguu yao miwili kufungwa kwenye ubao mmoja, kwa hiyo mguu mmoja hauwezi kunyongwa peke yake; lakini ukuta mgumu wa nyuma, ule unaosukuma muundi, hawanao.

Atakayenipinga ataanza na mwaka 1998. Atasema: wewe mwenyewe umekiri kwamba skii iliyopinda kotekote ndiyo iliyogeuza mchezo, na hakuna buti lililowahi kufanya mapinduzi ya namna hiyo. Ni kweli, na sina nia ya kuipunguza. Ila skii hiyo sasa inauzwa na kila kampuni, na yeyote mwenye fedha ananunua. Jambo ambalo kila mshindani analo haliwezi kueleza kwa nini mmoja anatua na mwingine anaanguka. Skii hutengenezwa kwa urefu, uzito wa mtu na mchezo. Ukikosea kidogo unazoea baada ya siku chache. Buti linatengenezwa kwa mguu, na mguu hauzoei plastiki. Plastiki ndiyo inayopashwa moto na kutanuliwa na fundi pale inapouma. Ndiyo maana wachezaji wengi mahiri hubadilisha skii kila msimu na hung'ang'ania buti moja kwa miaka.

Wa pili atasema kipaji ni kipaji, na mabingwa wa zamani walishinda na vifaa ambavyo leo vingetupwa. Kwa mkimbiaji hoja hiyo ina mashiko. Septemba 15, 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu hapa wa uwanda wa kati, aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, sawa na Amanal Petros wa Ujerumani, mzaliwa wa Eritrea, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Kiatu hakikimbii kilomita 42. Hata hivyo riadha yenyewe haikuona kiatu ni kitu kidogo: baada ya Eliud Kipchoge kukimbia 1:59:40 jijini Vienna Oktoba 2019 akiwa na viatu vya soli nene yenye bamba, Shirikisho la Riadha Duniani lilitangaza Januari 2020 kwamba soli za barabarani zisizidi milimita 40 na bamba liwe moja. Lakini kati ya riadha na fristaili pana tofauti ambayo hoja ya kipaji huiruka. Mkimbiaji ukimvua viatu atapungua kasi, na ataendelea kukimbia. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Mcheza fristaili ukimvua buti hana mchezo. Na ukimvisha lisilo lake, kipaji kinageuka kuwa hatari, kwa kuwa mwenye kipaji ndiye anayeruka juu zaidi.

Yupo wa tatu, na huyu namheshimu: atauliza skii zinamhusu nini mtu wa Chemba, wilaya isiyopata mvua ya kutosha, sembuse theluji. Tanzania haijawahi kupeleka mchezaji kwenye Olimpiki ya baridi. Lakini tazama waliotutangulia wametokea wapi. Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akapelekwa Austria akiwa mtoto mdogo, na mwaka 2018 kule PyeongChang akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye michezo hiyo. Shannon-Ogbnai Abeda, aliyeiwakilisha Eritrea kwa mara ya kwanza mwaka huohuo, alizaliwa Kanada kwa wazazi Waeritrea. Hata mmoja wao hakufundishwa skii Afrika. Mchezaji wa kwanza wa Tanzania akija, atatoka Norway, Kanada au Minnesota, mtoto wa familia ya kwetu inayoishi huko, na pengine bibi yake yuko Kondoa au Chemba mjini anatumiwa picha kwa simu. Wazazi wake hawakukulia kwenye theluji. Hawana mjomba wa kuwaambia kipi kinunuliwe kwanza. Watafanya kinachofanywa na kila mzazi mwenye busara ya kubana matumizi: watachukua skii nzuri, kisha mabuti makubwa ya kukulia.

Kosa liko hapo, na kulikwepa hakuhitaji fedha nyingi. Mabuti ya skii hupimwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo mguu upimwe ukiwa umesimamishwa ukutani, namba ya kiatu cha shule haina kazi. Dukani, toa bitana nje, mtoto aingize mguu kwenye ganda tupu mpaka vidole viguse mbele bila kukunjwa, kisha upimwe mwanya ulioko nyuma ya kisigino. Kwa anayejifunza, milimita 15 hivi zinatosha. Ukipitisha vidole vitatu, buti hilo ni la mtu mwingine. Baada ya hapo bitana irudishwe, abane bizimu, aegemee mbele: muundi uliegemeze buti nalo liitikie, na kisigino kisiinuke. Akishindwa kabisa kulipinda ndani ya duka lenye joto, mlimani litakuwa ubao. Skii zinaweza kuwa za kuazima, za msimu uliopita, hata zenye mikwaruzo, alimradi kingo hazijapasuka na vifungio vimerekebishwa na fundi kwa uzito, urefu na umri wa mtoto. Mzazi mwenzetu uliyeko huko, na wewe mlezi wa chama cha michezo utakayeombwa mchango siku moja: pesa ya kwanza nunueni buti, na kipimo hicho cha ganda tupu mkirudie kila msimu mpaka mguu uache kukua.